Kamanda Aliyefika Nusu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili kasoro wiki tatu, fundi mkuu wa mawasiliano wa kikosi chetu anavua magwanda. Kwenye faili ana jina refu lenye namba. Hapa karakana anaitwa Afande Unayo, na hata mkewe akipiga simu ya ofisi humuulizia kwa jina hilo.

Alianza kazi akibeba redio yenye uzito wa mbuzi. Anamaliza na redio inayoingia mfukoni, na bado analalamika kwamba ni nzito. Katikati hapo amevunja viti vitatu, ametoboa meza kwa chuma cha kulehemu, na ameandika ripoti ya mwaka fupi kuliko zote tulizowahi kupeleka makao makuu: "Zinasikika."

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: huko porini hakuna minara. Redio ya kila askari hupokea ujumbe na kuipasia redio ya jirani, jirani kwa jirani, huku wote wakitembea. Zamani kila redio ilimwambia kila mtu kila kitu. Askari mmoja aliletewa ujumbe uleule mara kumi, na njia ikajaa pomoni.

Dawa aliipata nyumbani. Shemeji yake alipojifungua, ndugu wanane wa mkewe walimpigia simu, kila mmoja akianzia pale uchungu ulipoanza. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeuliza kwanza: "Baba, habari ya mtoto unayo?" Alipojibu kwamba anayo, mama akakata simu. Fundi wetu anasema hajawahi kumpenda mkwe kiasi kile. Wiki hiyohiyo akaanza kuzifundisha redio adabu ya mama mkwe: kabla ya kutuma, uliza "Unayo?" Jirani akiwa nayo, nyamaza. Akiwa na nusu, mpe nusu iliyobaki. Habari za uhai zitangulie, mapambo yafuate.

Aliomba ruhusa ya kuujaribu mpango huo mara tatu. Mara zote alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Nadhani bado linashughulikiwa. Yeye akauweka kimyakimya kwenye kila redio iliyoletwa kutengenezwa, ikabaki kuuwasha tu.

Likaja lile zoezi la miaka kumi na miwili iliyopita. Mchana kweupe, kamanda wa wakati huo alipigwa picha juu ya kifaru, mkono kiunoni, akaituma kwa askari wote ili kuwatia moyo. Picha ilikuwa kubwa kama mwenyewe. Redio zote zikaanza kupasiana kamanda. Nyuma yake ulikwama ujumbe wa mistari miwili: mizinga imebadilishiwa shabaha, askari tisa walioko bondeni waondoke kabla ya saa tisa. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Hata amri ya kuwasimamisha wapiga mizinga ilipaswa kupita njia hiyohiyo.

Kwenye skrini, fundi aliona nukta tisa zimetulia tuli. Hakuandika barua ya nne. Aliuwasha mpango wake, na kamanda akasimama njiani: wengine walimpata mpaka mkandani, wengine kofia na mashavu tu. Ujumbe ukapita. Wale tisa walitoka bondeni zikiwa zimebaki dakika sita, baadhi yao bila buti.

Baraza la nidhamu lilimvua tepe moja kwa kuwasha kitu kisichoidhinishwa na kwa kumkata kamanda miguu. Mwaka uliofuata mpango wake ulipokelewa rasmi, kwa jina la kamati. Tepe haikurudi. Hilo lilimuuma, tusidanganyane, na sisi wa karakana lilituuma pia.

Waandaaji wa sherehe hii ya kumuaga wameomba kwa upole habari ya picha iondolewe kwenye programu. Naomba radhi, haiondoki. Mimi ninayewasomea haya nilikuwa mmoja wa wale tisa, tena wa mwisho kutoka.

Afande, ahsante. Nenda salama, ukaishi vizuri na mama watoto, kwa afya na raha tele. Binti zangu wawili wamekaa safu ya mbele. Wote wamezaliwa baada ya siku ile. Ukishuka jukwaani watakuja kukushika mkono, na yule mkubwa nimeshamwambia kwa nini.