Bati Mbili na Hewa Katikati

Ndugu waombolezaji, naomba radhi mapema, familia ilitafuta mtu wa kusoma historia hii bila kupayuka, ikamkosa, ikanipata mimi, mdogo wake marehemu, mchekeshaji wa jukwaani, niliyezoea kuitwa mahali ili watu wasilie.

Kaka yangu, mliyemwita Fundi Kopo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, akasoma shule ya msingi hapo ng'ambo ya barabara kuanzia 1976 hadi 1982, akaishia hapo, maana baba alifariki na mimi nilitakiwa kula. Februari 1983 aliingia gereji ya mjomba kunyoosha bodi za magari, kazi aliyoifanya hadi siku ya mwisho, na tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na shemeji aliyeketi hapa mbele, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili.

Marehemu hakuwa mtu wa maneno, ila aliponiona jukwaani nikiigiza kujikinga risasi kwa mlango wa gari, alisimama katikati ya watu akasema, "We mdogo wangu, acha uongo, mlango ni bati mbili na hewa katikati, kopo tupu hilo, risasi inapita kama inaenda kwao, kaa nyuma ya injini!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, jina la Kopo likamganda, nami nikaendelea na mchezo huo miaka kumi na mmoja.

Hakuugua. Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, majambazi walivamia duka linalotazamana na gereji, polisi wakafika, risasi zikarushwa pande zote. Tangu siku hiyo nasikia mkinong'ona, imekuwaje fundi wa milango akapigwa risasi nyuma ya mlango, au alisahau kazi yake, nami nimenyamaza siku nne nzima.

Hakusahau. Alikuwa amelala mbele ya gari, injini ikimkinga, salama kabisa, ila mimi, niliyepita kumsalimia, nilichuchumaa nyuma ya mlango uliokuwa wazi, kama jukwaani. Akapiga kelele, "Toka hapo, bwege wee!" nikampungia mkono kwamba niko sawa, ndipo akaja kwa magoti, akanikamata ukosi, akanisukuma kwenye nafasi yake, yeye akabaki nyuma ya bati zile kwa pumzi moja tu, ikatosha risasi kupita. Alifariki hospitalini saa nane na dakika kumi mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana hadi dakika ile, majirani waliombeba kwenye shuka, na mafundi wenzake waliofunga gereji hadi leo. Pumzika kaka, upate amani niliyokunyima.

Shemeji, polisi wanasema bado wanachunguza risasi ilitoka upande gani, waambie wasihangaike, mhusika hajakimbia, ndiye huyu anayewasomea karatasi.