Mtu Mzima wa Nyumba Hii

Benchi lao limeegemea ukuta wangu, chini kabisa ya dirisha la chumbani, na tangu nihamie mtaa huu wa Chemchem sijawahi kuhitaji redio. Hukusanyika jua likishapoa: Silasi, mstaafu wa reli wanayemwita Stesheni, kwa sababu hadithi zake huchelewa kufika; Abdulatifu, fundi cherehani wa nyumba ya pili, anayeitwa Waziri, maana hakuna jambo lisilo chini ya wizara yake; na Selemani, aliyewahi kufagia zahanati akatoka pale na cheo cha Dokta. Sadiki huwamiminia kahawa na kuwauzia kashata. Jioni ile palikuwa na mgeni pia, Shilinde wa Ziba, amejifunga kitenge kiunoni huku suruali yake ikisubiri kupindwa. Mimi nilikuwa kitandani, midomo imevimba kama nimebusu mzinga wa nyuki. Binti yangu Zamda, wa miaka minne, alikuwa anamsuka mwanasesere, na mdogo wake amelala kifuani kwangu. Mada ya kijiwe nilikuwa mimi.

– Nimemwona kwa macho yangu, alisema Stesheni. Jana adhuhuri. Kapanda bodaboda, mkubwa kamkalisha mbele, mdogo kampakata yuko uchi, kajaa povu la sabuni. Na uso wa mama umefura, macho huyaoni.

– Kapigwa, alisema Waziri.

– Na nani? Mumewe si yuko kwenye mradi wa barabara, huko Kigoma?

– Si ndiyo maana! Kaja, kapiga, kaondoka.

– Kaja na nini?

– Na treni.

– Treni jana haikuja. Waziri, usiniingilie reli yangu.

Nilicheka, na kucheka kukaniuma. Ukweli wenyewe haukuzidi kikombe kimoja cha kahawa. Nilikwenda duka la dawa kwa maumivu ya mkojo, nikauziwa vidonge vya salfa. Nikameza, nikaanza kumwogesha mdogo. Viganja vikawasha, midomo ikafura, koo likaanza kujifunga. Kufika zahanati sauti haitoki. Nesi akauliza nimekula nini, Zamda akajibu: "Pipi nyeupe." Ndiye aliyeniokoa. Baada ya sindano nesi akaniambia nina aleji, salfa nisiiguse tena maisha yangu yote, na nimwambie mtu mzima ninayeishi naye, ili siku nisipoweza kusema, aseme yeye. Nikaitikia kwa kichwa. Mtu mzima ninayeishi naye bado ananyonya kidole.

– Mimi nasema ni nyuki, alisema Dokta. Wiki hii kanunua asali ya Sikonge, dumu zima.

– Asali inauma?

– Nyuki hufuata mali yao, bwana. Wametoka Sikonge taratibu, wanauliza njia.

– Walipanda basi, au baiskeli? aliuliza Sadiki.

– Wewe mimina kahawa.

– Si nyuki, mkorogo huo, alisema Waziri. Wasomi hawa! Kasoma mpaka Dar, sasa anataka uso wa Dar.

– Mkorogo gani huo, Waziri? Mama wa watu mweusi vilevile.

– Mkorogo feki.

– Fundi, suruali yangu vipi? aliuliza Shilinde.

– Inakuja, inakuja. Kitenge kimekukaa vizuri, una haraka ya nini?

Stesheni alisubiri vicheko viishe. Yeye husubiri.

– Mnacheza nyie. Hapa palikuwa njia ya misafara. Babu wa babu yangu kapita hapa na jino la tembo begani, katoka nalo Ujiji anakwenda nalo pwani. Wapagazi walilala hapahapa. Aliyeshindwa kuamka aliachwa hapahapa, wenzake wakajitwisha mzigo wake, wakaenda. Sasa mtu anakuja, anajenga chumba cha kulala juu ya waliolala!

– Wapagazi nao wana ugomvi gani na midomo ya mtu?

– Kiu.

Hata mimi, na digrii yangu, nilijikuta natazama sakafu.

– Bishaneni mpaka kesho, alisema Dokta. Mimi mtu wa vitendo. Ninazo dawa mfukoni hapa, zilibaki za mke wangu. Hizi hazichagui ugonjwa.

– Basi mpigie hodi, umpe.

– Hodi kwa mke wa mtu, mumewe hayupo? Unanitakia mema wewe?

– Mtume mkeo.

– Mke wangu anasema huyu mama anajiona. Anasalimia huku anatembea.

– Hata wangu kasema hivyo, alisema Waziri.

– Dirisha linatosha, alisema Dokta.

Mkono ukapenya kati ya nondo, ukasukuma pazia. Kwenye kiganja kulikuwa na kikaratasi, na ndani ya kikaratasi vidonge vyeupe.

– Pipi! alisema Zamda.

Nilimdaka mkono vidole vyake vikiwa vimeshafika. Mdogo akaamka, akalia.

– Dokta, nikasema kwa sauti iliyokwaruza. Hizo ni dawa gani?

Mkono ulishtuka, lakini haukuondoka.

– Salfa hizi, Mama Zamda.

– Ndizo zilizonivimbisha. Nilizimeza jana, nusura nife mbele ya wanangu.

Mkono ukarudi nje polepole. Nilijua wanachofanya: walikuwa wanakumbuka kila walichowahi kusema chini ya dirisha lile.

– Kwa hiyo… huwa unasikia? aliuliza Waziri.

– Tangu nihamie.

– Hata lile la mama mkwe wangu?

– Hata lile.

Shilinde akainuka, akakamata kitenge kisimwanguke, akasimama kando ya dirisha bila kuchungulia.

– Pole sana, mama. Mimi mgeni, naomba msinielewe vibaya. Humo ndani kuna mtu mzima mwingine?

– Niko na hawa wawili.

– Huyo mkubwa ndiye aliyetaka pipi?

– Ndiye.

Hakuniuliza tena. Aliwageukia wenzake.

– Basi niwaulize nyie wenyeji. Siku hali hii ikimrudia, huyu mtoto akafungua mlango, akasimama hapa analia, nani kati yenu ataingia?

Nilimziba mdogo mdomo kwa titi ili nisikie vizuri. Jibu la swali lile nililihitaji kuliko aliyeuliza.

Kikombe kiliwekwa chini. Kingine kikafuata. Waziri akakohoa, akasema kumbe suruali imebaki mguu mmoja tu, ngoja akaimalizie. Dokta akasema anaitwa nyumbani. Sikusikia mtu akimwita. Stesheni alifungua kinywa, nilimsikia akivuta pumzi kama anayeanza hadithi, halafu akaomba kahawa.

Sadiki akatikisa birika.

– Imekwisha, mzee.

Nyayo zikatawanyika. Shilinde ndiye aliyeondoka mwisho, na kitenge chake, kwenda kuufuata mguu wa suruali.

Nilimpandisha Zamda kitandani. Tangu asubuhi nilikuwa namfundisha sentensi moja.

– Haya, mwanangu. Mtu akija, unamwambiaje?

Akashika nondo kwa mikono miwili, akapenyeza uso kwenye pazia, akapaza sauti:

– Mama yangu hapewi salfa!

Hakukosea hata neno. Nje kulikuwa na benchi tu.