Gari Jeupe Lililomchukua Kinyozi

Benchi limeegemea ukuta wa kinyozi, na leo mlango wa kinyozi una kufuli. Jana mchana mwenyewe alianguka hapa hapa kizingitini, mkasi mkononi, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Gari jeupe likasimama, dereva akambeba, likaondoka. Mabwana wa benchi, ambao hata jua likiwafuata husogeza makalio tu, leo wamekubaliana jambo moja: Mungu alikuwepo. Kinachobishaniwa ni alikaa wapi.

— Kwenye taa za barabarani, akasema Dalali, mpangishaji wa vyumba ambamo yeye mwenyewe asingelala. Taa ziliwaka nyekundu, gari likasimama. Nani aliziwasha?

— Umeme, akasema Mama Kahawa akimimina.

— Umeme upi? Jana ulikatika tangu asubuhi!

— Basi taa hazikuwaka.

— Si ndiyo muujiza wenyewe, mama!

Fundi Saa akatikisa kichwa kwa huruma.

— Taa ni mambo madogo. Alipoanguka tu, saa zote kibandani kwangu zilisimama. Zote!

— Zako lini zilitembea? Dalali akamuuliza.

— Wewe nawe! Zilisimama kwa adabu.

Profesa, ambaye shahada yake ilitolewa na benchi hili, aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue watu wataelimishwa.

— Jamani, nani aliona namba za lile gari?

Kila mmoja akapuliza kahawa yake.

— Hamkuziona kwa sababu hazikuwepo. Lile halikuwa gari, na yule hakuwa dereva. Alikuwa malaika.

— Malaika gani anamtukania mtu wa pikipiki mama yake? akauliza Fundi Saa. Mimi nilimsikia.

— Malaika mwenye haraka.

— Kweli, akasema Dalali. Hata uso wake siukumbuki. Malaika hakumbukiki.

Mama Kahawa, aliyekuwa amekwenda kununua mkaa saa ile, akawatazama mmoja mmoja.

— Na ninyi watatu, baba zangu, hakuna aliyepanda naye?

— Gari lilikuwa limejaa, akasema Fundi Saa.

— Limejaa nini?

Profesa ndiye aliyewaokoa.

— Nuru.

Dalali akavua kofia. Fundi Saa akasema alihisi hivyo hivyo, ila alishindwa kueleza. Wakaongezewa kahawa, wakaanza kubishana kama nuru ile ilikaa siti ya mbele au ya nyuma.

Ndipo akaja mwanamke mwenye mfuko wa nguo, macho mekundu kwa safari.

— Shikamooni. Mimi ni dada yake kinyozi. Nampigia simu, naisikia ikilia humu ndani. Nimeambiwa alianguka mbele yenu.

— Mbele yetu kabisa, dada, akasema Profesa. Na tulichokiona hapa...

— Amepelekwa hospitali gani?

Dalali alichungulia kikombe chake. Fundi Saa akatazama saa ya mkononi, ambayo haitembei.

— Kwa maana ya ndani, dada yangu, Profesa akaanza, mtu akichukuliwa vile...

— Hospitali gani, kaka?

Mama Kahawa alimwagia jiko maji, akajifunga khanga kiunoni, akapokea mfuko.

— Twende, mwanangu. Tutaanza na ya karibu, tuulize wodi hadi wodi.

Walikuwa wameshavuka barabara Profesa aliposimama. Kwa mara ya kwanza wiki hii, alisimama.

— Mama! akaita. Na sisi nani atatumiminia?