Watoto Ni Wawili

Sogeeni karibu, Restuta na Jovitus, maana pumzi niliyo nayo ni ya kupimia na sitayasema haya mara mbili. Wewe Egbert, jirani yangu, shika kalamu uandike. Shemeji Cleophace, usianze kukohoa, nitakufikia.

Nianze na karatasi. Zimo kwenye ile ndoo nyeupe yenye mfuniko juu ya kabati. Sandukuni mchwa walikula cheti chetu cha ndoa, nikaenda parokiani mara tatu kutafuta kingine. Nikifa, chukueni kibali cha mazishi kwa mtendaji kabla hamjachimba, halafu mfuatilie cheti cha kifo mapema, na jina langu liandikwe Stephania kama lilivyo kwenye kitambulisho, si Mama Restuta. Na muhtasari wa kikao cha ukoo msiuandike siku ya kuanua matanga. Laleni kwanza. Nawaomba hivyo kwa sababu mimi sikulala.

Baba yenu Yustus alipofariki nilikuwa nimemuuguza miezi minne, na siku tuliyoanua matanga wanaume wa ukoo walikaa hapo nje kwenye migomba, wakamkalisha Jovitus kwenye kiti cha baba yake awe musika, mrithi wa nyumba hii, kisha wakatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri wa kupeleka mahakamani. Wakaniita mimi, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne. Nilijua kabisa kwamba mwenye kugusa urithi hapaswi kushika kalamu, lakini nikaishika. Shemeji akanisomea, "Marehemu ameacha mjane na mtoto mmoja, Jovitus." Nikauliza, "Na Restuta?" Akasema, "Shemeji, huyo pombe ya rubisi ya harusi yake tulishainywa ikaisha. Kwani mumewe huko Bugomora hana kibanja cha kulima?" Wakacheka wote. Ndizi zilikuwa jikoni, wageni hawajala, miguu yangu imevimba, nikataka tu waondoke. Nikaandika mtoto mmoja. Na wewe Restuta ulikuwa nyuma ya nyumba, unawamenyea ndizi watu hao hao.

Hakuna aliyenitisha. Liandike hilo, Egbert. Hata pale mahakama ya mwanzo, hakimu aliposoma muhtasari kwa sauti na kuuliza kama yupo mwenye pingamizi, mimi nilitazama viatu vyangu.

Mwaka juzi ulirudi, Restuta, na watoto wako na godoro moja, ndoa imekushinda, ukaomba kipande cha kulima maharage na kusimamisha chumba. Jovitus hakukufukuza, yeye si mtu mbaya. Alikuletea tu nakala ya mahakama. Ukaitazama, ukaitazama, ukasema, "Mama, huu ndio mwandiko ulionifundishia kuandika." Basi. Kesho yake ukaenda kupanga chumba Rugera, na mpaka ulipopigiwa simu juzi hukukanyaga hapa tena. Nilikuzaa kwa siku mbili, nikakufuta kwa mstari mmoja, kwa sababu ya uchovu.

Sasa sikiliza, Jovitus, wewe ndiye msimamizi wa mirathi, na usiniambie kwamba ilishafungwa. Utarudi mahakamani na maelezo haya, useme watoto wa Yustus ni wawili. Na kabla ya kwenda utampimia dada yako upande wa chini, kuanzia kaburi la baba yenu hadi bondeni, mpande miti ya mulamula ya mpaka mchana, majirani wakiona. Shemeji, utatia sahihi. Siku ile ulicheka kwa sauti, na leo jina lako lisomeke vizuri.

Umesema ndiyo, Jovitus? Rudia, Egbert asikie.

Haya.

Restuta, sikuombi unisamehe leo, umechoka na safari. Kipande chukua hata kama hujanisamehe.

Nipeni maji kidogo... Inatosha. Mungu awatunze wote wawili, mvua iwanyeshee shamba moja, watoto wenu wajuane kwa majina. Mkono wangu umekataa kalamu. Nitaweka dole gumba, mimi niliyesoma. Lakini kwanza, Restuta mwanangu... taja jina lako. Lote, kama ulivyobatizwa. Taja polepole, Egbert aandike... nami nisikie.