Kitu Chini ya Bawa

Benchi ni langu. Nasema hivyo mapema kwa sababu wapo wanaojisahau. Nililigonga mwenyewe kwa mbao za makreti, nikaliweka mbele ya kibanda changu cha kushona viatu na mabegi ili wateja wakae wakisubiri. Wateja hawakai, wamekaa hawa. Profesa, kinyozi wa mlango wa pili, asiye na cheti cha chochote ila mdomo. Breki, dereva wa malori aliyestaafu. Na Sekunde, fundi saa, ambaye akifunga kazi huunda vindege vya plastiki vya kuenea kiganjani. Siku hiyo saa tisa mchana, birika la kahawa likiwa limejaa, Sekunde alikuja mbio na kindege chake, picha moja na vikopo viwili vya rangi. Jasho linamtiririka.

– Jamani, saa kumi kamili wanafunga meza ya kupokea vindege vya maonyesho pale ukumbini. Nimekwama. Hiki chini ya bawa ni nini?

Tukagongana vichwa juu ya picha. Phantom, ndege ya vita vya Vietnam, imeegeshwa kiwanjani. Chini ya bawa linaning'inia pipa limechongoka mbele na nyuma. Sekunde alikuwa ameshalichonga kwa mpini wa mswaki na kulipaka kijani. Kilichobaki ni pete ya puani, njano kama ni bomu la baruti, nyekundu kama ni la moto. Na mstari mmoja wa kujaza kwenye kadi ya jaji: Silaha iliyobebwa.

– Si uandike bomu tu, nikasema. Watu tunywe kahawa.

– Soli, mwaka jana niliandika tu. Nikaning'iniza kombora ambalo wakati wa vita vile lilikuwa halijaundwa. Jaji akanitoa mbele za watu.

Akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vinacheza.

– Na hii mnaiona? Daktari kasema haitatulia. Hiki kindege ndicho cha mwisho. Sitaki kumaliza kwa aibu.

Hapo hata mimi niliweka sindano chini.

– Niachieni mimi, akasema Profesa, kitaulo cha kunyolea begani. Hilo ni kombora la kunusa joto. Linamfuata adui mpaka chooni.

– Kombora lina mapezi, akasema Sekunde. Hili halina hata moja.

– Yamekunjwa ndani! Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

– Uchi unaingiaje hapa? nikauliza.

– Adui ndiye hazai, Soli. Fikiria!

Breki akamsukuma pembeni.

– Porojo! Mimi nimevuta matangi miaka thelathini. Hilo ni tangi la mafuta.

– Matangi ni haya mawili makubwa ya upande wa nje, Breki, akasema Sekunde. Hili ni dogo.

– Basi ni la akiba. Asiye na mwana aeleke jiwe.

– Ni kipaza sauti! Profesa kasimama sasa, anapiga mapaja. Rubani anapita juu, anawatusi, wanatoka mashimoni kwa hasira!

– Hapana, hapana! Breki naye kasimama. Humo kuna utingo! Kila safari ndefu ina utingo. Amelala humo, rubani akichoka wanabadilishana!

Tulicheka mpaka kahawa ikaniingia puani. Sekunde hakucheka. Alikuwa anatazama saa yake. Nikamwonea huruma, na huruma ikanitia kiherehere.

– Lete hapa, nikasema. Hilo ni bomu la moto. Pipa jembamba, halina mapezi. Na hiki kimstatili ubavuni, chenye kidude cha kugeuza, ndipo wanapotia kiwashio.

Hata Profesa akatikisa kichwa kukubali. Nikajiona mtu. Sekunde akachovya brashi kwenye nyekundu.

– Hodi wazee. Fundi ni nani?

Mama mmoja, mgeni kabisa, anaburuta sanduku.

– Ni mimi, dada. Karibu.

– Kitasa kimechomoka, na kesho nasafiri, narudi kwetu.

Akanipakatisha sanduku, nikaanza kupapasa kitasa. Macho yake yakaangukia picha.

– Samahani. Mnasema hili ni bomu?

– La moto, nikasema kwa majivuno.

– Bomu gani lina bawaba?

Akaweka kidole juu ya picha.

– Bawaba mbili hizi hapa. Na kitasa hiki. Kama changu.

Nikatazama picha. Nikatazama mapajani mwangu. Miaka ishirini na miwili nabadilisha vitasa vya masanduku!

– Penye miti hapana wajenzi, akasema Breki, na kwa mara ya kwanza methali ikakaa mahali pake.

Sekunde alipiga ukelele.

– Nililisoma hili! Walichukua pipa tupu la bomu la moto, wakalikatia mlango! Rubani akihamia kiwanja kingine, anatia humo nguo zake. Nililisoma nikapita!

– Saa kumi kasoro robo! akapaza Breki.

– Mlango lazima uchorwe. Mikono yangu…

– Mimi je? akasema Profesa.

Akachomoa wembe mpya. Mkono uliozoea makoo ya watu ukachora mlango mdogo kuliko punje ya mchele, bila kuteleza, bila hata neno moja. Sikujua kwamba anaweza kunyamaza. Sekunde akambusu kipara, kisha akampa yule mama kalamu na kadi.

– Niandikie, dada, mimi nitachafua. Andika: Silaha, hakuna. Sanduku la nguo.

Akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri. Kisha akaichukua ile picha.

– Na huyu rubani, alikuwa anarudi kwao?

Sekunde akaigeuza picha. Nyuma hapakuwa na maandishi. Profesa, mwenye jibu la kila kitu, akainua birika kujimiminia. Halikutoa hata tone.

– Kimbia, nikamwambia Sekunde. Utachelewa.

Akavuka barabara, kindege kakikumbatia kifuani, kadi mkononi. Nikawaondoa wale wawili kwenye benchi langu.

– Kaa, dada. Kitasa chako naanza sasa hivi.