Nywele Juu ya Kovu

Uvumi ulikuwa umemganda mama mmoja kama kupe: mtu akiumia ubongo, nywele zikishaota juu ya kovu, maneno yake hayarudi tena. Ndani ya basi la kwenda hospitali akamweleza mshona nguo aliyeketi naye kwamba mwanawe, fundi rangi aliyeanguka kutoka kwenye ngazi, sasa anamwita Kijiko badala ya Mama.

"Nawe unaitika?"

"Naitika, dada. Asubuhi nasali, mchana naitika."

"Basi Mungu keshakusikia. Mtoto anakuita, ni jina tu limepotea njia."

Mama akacheka kidogo, kisha akafungua mkoba akamwonyesha wembe. "Leo namnyoa. Nywele zimeanza kuota."

"Utamkata bure, mama. Wale wa hospitali wanaomfundisha kusema wanakwambiaje?"

"Nimngoje, nisimmalizie neno. Lakini hawakumzaa wao."

Mshona nguo akanyoosha kiganja. "Nipe huo wembe, nina nyuzi za kukata." Nyuzi hakuwa nazo.

Basi likasimama, wembe ukiwa bado mkononi mwa mama.

Ninyi mnaouguza mtu wa namna hii, msimmalizie neno. Msimcheke akikosea. Msichoke kuitika. Na kichwa chake msikipelekee wembe kwa maneno ya watu.