Risala ya Kuomba Utepe Ukatwe Kabla ya Chakula

Mgeni rasmi, pole na safari na pole na vumbi. Viongozi mliofuatana naye, walimu, watafiti wetu Catherine na Gerald, wazazi na watoto, tunawasalimu nyote. Anayesoma ni Bibi Magdalena kwa niaba ya wenzake. Miwani hii ni ya Mwalimu Clement, ambaye amekubali kukaa bila kuona vizuri ili sisi tuone. Tunamshukuru.

KARIBU

Tumefurahi umefika. Tulikutegemea saa tatu asubuhi na sasa saa saba imepita, kwa hiyo tumepata muda wa kuiandika upya risala hii. Hatutalisema sana hilo. Tumeona gari lako lilivyosimama njiani kumpakia mama mwenye mtoto mgonjwa, na kwa hilo tumekusamehe.

TULIKOTOKA

Watafiti hawa walitoka chuo kikuu wakitaka kujua kompyuta inavyoweza kuwasaidia watu kubuni, kujifunza na kufanya kazi pamoja. Mwanzoni kila mmoja wetu alipewa kifaa chake na namba yake ya siri. Tukakaa kimya, kila mtu na chake, kama watu wanaosubiri dawa. Bibi Severina, mkubwa wetu, akakirudisha.

"Mjukuu wangu," alimwambia Gerald, "mimi sihadithii ukuta. Nani ataniitikia?"

Gerald hakukasirika. Yeye na Catherine waliivunja kazi yao wakaianza upya, wakarudi na skrini moja kubwa na kipaza sauti, wakaviweka katika chumba hiki. Ikawa bibi anahadithia kwa Kinyaturu, watoto wanaitikia, wanatafsiri, wanachora, na michoro inatembea. Watoto wa shule ya Nduguti, mbali na hapa, ambao lugha yao ni Kinyiramba, wanaipokea hadithi kwenye skrini yao na kuongeza nyimbo zao.

TULICHOFANIKIWA

Loyce, mtoto ambaye darasani hafungui mdomo, ndiye aliyempa fisi wa hadithi sauti. Na Bibi Severina alipomwona fisi wake akitembea kwenye skrini, aliruka kwenye kiti. "Nyie watoto! Mmempa fisi magoti yangu!" Alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga.

KINACHOTUSUMBUA

Ijumaa moja Bibi Severina alimtumbukiza fisi kwenye shimo la udongo wa vyungu, akaikata hadithi hapo, kama tufanyavyo siku zote ili watoto warudi. Jumatatu tulikuta kufuli na utepe mlangoni. Tukaambiwa chumba hakitumiki mpaka kizinduliwe, maana si heshima mgeni rasmi kufungua kilichokwisha kufunguliwa.

Tulikubali. Heshima tunaijua. Lakini wakati ule tulikuwa tunapanda alizeti, na sasa tumeshaivuna. Uzinduzi uliahirishwa tumeshapika. Ukaahirishwa tena, tumeshapika tena. Wali wa mgeni ukaliwa na watoto, nao wakaanza kuomba uahirishwe kila wiki. Utepe wa kwanza ulipauka kwa jua. Huu unaouona ni bitana ya gauni la Bibi Winfrida. Juani hapo juu, paneli ya sola inachaji betri za chumba kisicho na mtu.

Watoto wa Nduguti wamekuwa wakituma ujumbe kwenye simu ya Mwalimu Clement. "Bibi, fisi bado yuko shimoni?" "Bibi, anakula nini humo?" Wa mwisho ulisema: "Kama amekufa mtuambie tumzike." Bibi Severina alicheka, halafu akaomba asomewe tena.

Catherine alimfuata nyumbani ili amrekodi kwa simu. Bibi alimkaribisha, akampa uji, lakini kurekodiwa akakataa. "Waitikiaji wangu wako wapi?" Sisi wengine tungeweza kubuni mwisho, lakini kwetu aliyemtumbukiza fisi ndiye anayemtoa.

OMBI LETU

Tulikuwa na maombi mengi, likiwemo la madawati. Tumeyafuta leo asubuhi, limebaki moja.

Bibi Severina ni yule mwenye kitenge cha njano, mwenye mfuko miguuni. Macho yake yamechoka, na binti yake Lea amekuja kumchukua akaishi naye Mbeya. Gari lao linaondoka saa tisa. Hajasema kwamba harudi. Ila jana aligawa kuku wake wote, na jogoo akampa Loyce.

Ratiba inasema kwaya, hotuba, chakula, ndipo utepe. Mgeni rasmi, kwa heshima yote tuliyonayo, tunaomba utepe uwe sasa hivi. Chakula kitakusubiri, kukipasha moto tumeshazoea. Kule Nduguti watoto wako mbele ya skrini tangu asubuhi, na mwalimu wao ametuandikia kwamba hakuna aliyekubali kwenda nyumbani kula.

Risala hii ina ukurasa mwingine wa pongezi. Tumeukunja, utausoma garini. Mkasi uko kwenye sahani hapo mbele yako. Ufunguo uko mfukoni mwa mtendaji wa kijiji. Lea atamshika mama yake mkono mpaka mlangoni, na watoto watamfuata. Nawe karibu uketi nasi ndani, uitikie.

Mungu akulinde na akurudishe salama kwa wanao. Tunaomba wote tusimame.

Ni sisi,
Kikundi cha Bibi na Wajukuu,
Sepuka.